Miguu ya Baba Mdogo

Dar es Salaam,
11 Februari 2024

Kwako Baba Mdogo Gasper,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, unapanda na kushuka shambani kama kijana. Sisi huku hatujambo isipokuwa joto, maana Dar mwaka huu inatupika bila mafuta. Mama anakusalimu sana. Presha yake imetulia, lakini bado anagombana na dada wa kazi kila siku kuhusu chumvi. Msalimie Wema, umwambie sijasahau ahadi yangu ya kitenge. Na Shangazi Recho anaendeleaje? Bado anaweza kukaa mwenyewe?

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nilikupigia wiki iliyopita, akapokea Nehemia. Akasema simu yako iko dukani kwake inachajiwa, halafu hakukata. Alikaa kwenye laini akitaka nimwambie shida yangu kwanza. Kaka huyo ni mtoto wa baba mkubwa wangu na ninampenda, lakini kuna mambo sitaki yapitie dukani kwake. Nimempa Sista Frida barua hii, anarudi hapo parokiani Ilagala wiki hii.

Baba mdogo, unajua kazi yangu ya maabara. Sasa tumeanza utafiti wa ugonjwa wetu, huu wa kuyumba. Ndiyo, huu huu uliomchukua baba, na baba mkubwa Erasto, na sasa unamla Shangazi. Sikuwahi kukueleza vizuri, kwa hiyo nikueleze leo. Ugonjwa huu hautokani na pombe wala na laana. Ni kosa dogo ndani ya vinasaba, katika yale maagizo tunayorithi kwa baba na mama. Kuna neno moja humo ambalo kwa watu wengine limeandikwa mara chache, kwetu limerudiwa na kurudiwa mpaka sehemu ya ubongo inayoongoza miguu na ulimi inachoka na kufa. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ni kama kurusha shilingi: ama amelipata, ama hakulipata. Na mbaya zaidi, kila likirithiwa huweza kurefuka, ndiyo maana watoto huanza kuumwa mapema kuliko wazazi wao.

Familia zenye kosa hili tumezipata Ilagala, Simbo, na hata ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Zote zinaonyesha alama zile zile pembeni ya kosa hilo, maana yake tunatoka kwa mtu mmoja aliyeishi mwambao huo wa ziwa zamani, kabla Mjerumani hajafika. Tunataka kujua ni vizazi vingapi vilivyopita, na ni nani amebeba nini.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Baba alianza kuyumba akiwa na miaka arobaini na minne. Baba mkubwa hamsini. Wewe una hamsini na nane na bado unakwea mchikichi. Wenzangu hapa wanasema huenda unalo kosa lakini mwilini mwako kuna kitu kingine kinalizuia. Ukiwa hivyo, baba mdogo, wewe ni dhahabu. Nataka damu yako, vijiko viwili tu.

Binti yako,
Winfrida

*

Ilagala,
20 Machi 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Sista, ikiwa imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo kama bangi. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Sisi wazima kiasi. Mvua imekuja na hasira mwaka huu, Malagarasi imejaa, na ziwa nalo limepanda tena mpaka nyumba za wavuvi kule chini zimebaki mapaa. Michikichi yangu iko juu, haijaguswa. Wema hajambo. Mwaka huu walikuja watu wa Uvinza kuulizia habari zake, wakala, wakanywa, wakashukuru, wakaenda kuuliza huko nje huu ni ukoo gani. Hawakurudi. Ni mara ya tatu sasa. Anapika tu na kugonga masufuria.

Shangazi yako hakai tena mwenyewe. Namwegemeza kifuani kwangu namlisha uji mzito kidogo kidogo, maana maji yanampalia. Akitaka kucheka uso unacheka upande mmoja. Lakini akili yake iko kamili, usidanganyike. Juzi kaniambia nimezeeka vibaya, na nilimwelewa kila neno.

Kuhusu damu yangu: iache ilipo, mwanangu. Inatosha mwili mmoja tu.

Usinielewe vibaya. Najua una elimu, na najua nia yako ni njema. Lakini umeniandikia kwamba mimi ni dhahabu, na mimi ninaishi na watu wanaosema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Nehemia anasema miguu ninayotembelea ni ya baba yake. Kaisema kilabuni, mchana, hakuona haya. Ati nimewafunga ndugu zangu mmoja mmoja ili nguvu zao ziniingie mimi. Mimi niliyembeba Erasto mgongoni kwenda chooni miaka sita! Baba yako Feliksi naye nilimwosha kwa mikono hii mpaka siku ya mwisho. Sasa na wewe huko Dar umeona ni ajabu kwamba bado natembea. Basi wote mna swali moja.

Waache waseme. Nimezoea.

Msalimie mama yako, mwambie chumvi ni kweli aiache.

Ni mimi,
Baba yako mdogo, Gasper

*

Dar es Salaam,
28 Aprili 2024

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Pasaka yetu ilipita salama. Mama ameanguka bafuni lakini hakuvunjika, ni michubuko. Mimi nina kazi nyingi na usingizi kidogo, vinginevyo sijambo.

Nimekasirika, na sitakuficha. Umeniambia nina swali moja na Nehemia. Hapana! Nehemia anakuita mchawi. Mimi nataka kuonyesha kwamba si mchawi. Ni mambo mawili tofauti kabisa, baba mdogo, na wewe unayaweka kapu moja kwa sababu ya ukaidi tu.

Jana kanipigia yeye mwenyewe. Anasema vijana wa kijiji wanachanga wawaite waganga wa kamchape waje kupiga ramli, na kwamba mwenye kuwamaliza ndugu zake atajulikana. Alinicheka nilipomwambia habari za vinasaba. "Dada, wewe endelea na chupa zako." Unajua wale kamchape wakishamtaja mtu nyumba yake inakuwaje. Wanachimbua sakafu, wanatoa pembe waliyokuja nayo wenyewe mfukoni, na vijana wanamaliza kazi. Sitaki kusikia habari yako kwa njia hiyo. Nilishamzika baba mmoja.

Wenzangu wanakuja huko mwezi wa sita, watakaa zahanati. Mimi sitaweza kuja, kuna mambo yamenibana. Nenda ukatoe. Majibu yakitoka tutakuwa na karatasi ya kitaalamu inayosema kwa nini wewe huumwi, nami nitaisoma mbele ya kijiji kizima ikibidi. Nifanyie hivyo kama si kwa ajili yako, basi kwa ajili yangu.

Binti yako,
Winfrida

*

Ilagala,
14 Julai 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba mama. Ziwa limefungwa ili samaki wazaane, na watu wamefunga nalo midomo. Mgebuka haupatikani hata wa kunusa. Tunakula ugali wa muhogo na mboga yenye mawese, tunamshukuru Mungu. Wema kapata kibarua cha kukamua mawese kwa mama mmoja wa hapa, anarudi ananukia kiwanda kizima.

Nimetoa. Furahi.

Nikwambie kwa nini, ili usidhani ni kwa sababu ya ukali wako. Wenzako walipofika zahanati walijaa watu wa ukoo mzima, na Nehemia alikaa mlangoni kama karani wa uchaguzi, anaangalia nani amekuja na nani hakuja. Nikajua nisipokwenda, hiyo ndiyo itakuwa ramli yenyewe. Shangazi yako akaniambia kwa ule ulimi wake, "Gasper, nenda, wakuache." Nikaenda. Yule binti aliyenichoma sindano alinishukuru kwa heshima, akaniita babu. Nehemia alipochomwa alifumba macho.

Sasa nisikilize vizuri. Chochote mtakachokiona ndani ya damu hiyo, niambie mimi peke yangu. Si Nehemia, si mama yako, si padri. Kikiwa kizuri au kibaya, kipitie kwangu kwanza. Nakuomba kama baba anavyomwomba mwanawe, na sijawahi kukuomba kitu.

Jambo lingine. Barua yako ya Februari niliiweka pamoja na hii ya Aprili, nikazitazama mchana kweupe. Mwandiko wako ulikuwa umelala kwenye mstari kama wa masista. Huu wa Aprili unapanda na kushuka, na herufi kubwa zimekuwa kubwa kupita kiasi. Baba yako alikuwa anaandika majina ya wanunuzi wa mawese ubaoni, na mimi niliona maandishi yakiyumba ubaoni kabla sijaiona miguu. Una miaka thelathini na mitano. Umesema mama yako ameanguka bafuni. Ni mama yako kweli?

Baba yako mdogo,
Gasper

*

Dar es Salaam,
22 Septemba 2024

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na kumuuguza Shangazi. Sisi hatujambo. Mwandiko wangu ni mbaya kwa sababu naandikia kwenye kiti cha basi la kazini, usiwe na wasiwasi. Hii naandika mezani na nimejitahidi.

Majibu yametoka. Sijui nianzie wapi, nitaanza na zuri. Huna kosa lile. Huna kabisa, neno lenyewe kwako limerudiwa mara chache kama kwa watu wote. Hutayumba kamwe, wala Wema, wala watoto wa Wema. Huyo binti anaweza kuolewa na yeyote atakaye.

Lakini baba mdogo, hakuna kinachokuzuia kuumwa, kwa sababu hakuna cha kuzuiwa. Kompyuta ilipopanga ndugu wote, ilikutoa nje. Nilidhani chupa zimechanganywa. Nikarudia mwenyewe. Nikarudia tena. Huna hata kipande kimoja cha babu wala cha bibi. Wewe na baba hamkuzaliwa na mtu mmoja, si kwa baba wala kwa mama. Mimi ndiye niliyechora mti wa ukoo wetu kwa ajili ya utafiti, nikakuweka pale kati ya baba na Shangazi bila kufikiri, kwa sababu ndipo ulipokuwa siku zote. Wenzangu waliniuliza kama nina uhakika. Nikawacheka.

Damu haisemi unatoka wapi. Sisi Waha na majirani zetu tumechanganyika mno, mashine haiwezi kunionyesha kijiji chako. Naomba uniambie wewe, kama unajua.

Na sasa neno gumu. Ulinikataza kumwambia Nehemia. Nilikusudia kutii. Lakini Jumatano alinipigia akasema kamchape wamefika Kidahwe na kesho yake wanaingia Ilagala, na jina lako limeshatajwa na watu. Nilisikia vijana wakipiga kelele nyuma yake. Baba mdogo, niliogopa watakuua! Nikamwambia hapo hapo: "Mwacheni, hakuwaroga. Haumwi kwa sababu si wa damu yetu." Akasema asante dada. Alisema kwa upole. Nikalala usiku huo kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Nimekuokoa, sivyo? Niandikie haraka.

Binti yako, maana hilo halibadiliki,
Winfrida

*

Kidahwe,
17 Novemba 2024

Winfrida,

Marahaba. Unaona nimeandika Kidahwe. Niko hapa kwa mtu niliyewahi kumuuzia miche ya michikichi, kanipa chumba kilichokuwa cha mbuzi, nami nimekifagia. Afya yangu nzuri. Unayo karatasi inayosema hivyo.

Umeniuliza kama umeniokoa. Nikusimulie, uamue mwenyewe.

Alhamisi ile Nehemia alikuja nyumbani na wazee wanne na vijana. Nilikuwa namlisha shangazi yako. Nikamlaza, nikatoka nje, nikasema moyoni kama ni leo na iwe leo. Hakuna aliyenigusa. Nehemia alitanguliza mkono, akaingia ndani ya nyumba niliyoijenga mimi, akatoa kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka kivulini. Akasema, "Karibu ukae, mzee."

Winfrida, kwetu mtu wa nyumbani haletewi kiti. Anakaa anapokaa, kwenye kinu, kwenye jiwe, au anasimama akigomba. Kiti hutolewa kwa mgeni. Nilikitazama kile kiti nikaelewa yote kabla hajafungua mdomo. Katika maisha yangu yote hakuna aliyeniheshimu vile, na sijawahi kupigwa namna ile.

Akazungumza kwa adabu kama anaposa. Kwamba familia inanishukuru kwa kuwauguza wazazi wao. Kwamba wananiomba radhi kwa maneno ya uchawi. Kwamba sasa imejulikana kwa vipimo vya Dar kuwa mimi ni mtu baki, basi shamba la michikichi na nyumba virudi kwa wenye ukoo. Mmoja wa wazee akauliza, kama si wenu, ni wa wapi? Na huku kwetu swali hilo lina jibu moja tu, Mrundi, hata mtoto wa chekechea analijua. Wiki iliyofuata nikaitwa uhamiaji kujieleza. Wamenisikiliza vizuri, wameandika, wameniambia nisitoke mkoani. Mtu aliyepeleka habari hawakumtaja, na mimi sikuuliza.

Unataka kujua natoka wapi. Nilikuwa na miaka sita. Mwaka ule wa sabini na mbili watu walivuka ziwa usiku kutoka Burundi, na mama yangu alinifunika kwa khanga ndani ya mtumbwi. Neno lake ninalolikumbuka ni "ceceka", nyamaza. Alikufa kwa kuhara juma tulilofika. Bibi yako alikuwa amemzika mtoto wake kwa surua, wa umri kama wangu, jina lake Gasper. Akanichukua, akanivalisha shati la yule mtoto, akaniita kwa jina lake, na nikaitika. Miaka miwili baadaye serikali ikatuhamishia vijijini, tukafika Ilagala kati ya watu wasiotujua. Hapo nilishakuwa Gasper, mdogo wake Feliksi. Erasto alijua. Baba yako alijua, tulilala mkeka mmoja. Hata wakati wa hasira hakuwahi kunitupia neno hilo. Kumbuka hilo unapomkumbuka.

Kwa hiyo mimi nilijua siku zote kwa nini siyumbi. Waliponiita mchawi ningeweza kusema sentensi moja tu na wakaniacha. Sikusema. Mchawi, Winfrida, ni mtu wa nyumbani. Anachukiwa na ndugu zake, anaroga ndugu zake, hata akifukuzwa ni ndugu wanaomfukuza, na kaburi lake liko kwenye ua wao. Nilichagua kuwa ndugu mbaya. Wewe ukaja na chupa zako ukanifanya mgeni mwema.

Na bei ya kunyamaza sikuilipa mimi peke yangu. Wema amekuja hapa mara moja. Hakukaa. Aliuliza, "Baba, wale wanaume watatu walipokataa kunioa kwa ajili ya ukoo, ulikuwa unajua kwamba mimi si wa ukoo?" Nikasema nilijua. Akafunga mlango kwa nje na kuondoka. Sijui alipo, ukisikia niambie.

Shangazi yako sikuruhusiwa kumuaga. Walisema asisumbuliwe. Nani anamlisha?

Gasper

*

Dar es Salaam,
12 Januari 2025

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Sitakusalimia kwa marefu. Wema yuko kwangu. Alifika hapa na begi moja, ana hasira na wewe lakini anakula vizuri, na jana aliulizia kama una blanketi.

Shangazi Recho alifariki wiki mbili kabla ya Krismasi. Nilikuja Ilagala kumzika. Nilitaka kupita Kidahwe nikashindwa, nitakueleza kwa nini. Wake wa Nehemia walimlisha kwa zamu na kila mmoja alikuwa na haraka zake. Walimpa maji ya kunywa amelala. Nasikia tangu ulipoondoka alikuwa anakuita, nao wakamwambia umesafiri.

Nimegombana na Nehemia mbele ya waombolezaji. Nilimwambia arudishe shamba na nyumba, akajibu kwamba mimi ndiye niliyemwambia. Kweli, ni mimi. Baba mdogo, naye anashika ukuta akitembea. Watu wanasema ni msiba. Majibu yake ya damu yapo maabara na amekataa kuyachukua.

Uliniuliza swali mwezi wa saba, nikakudanganya na habari za basi. Si mama aliyeanguka bafuni. Ni mimi. Ninao. Nilijipima mwaka juzi, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kosa langu ni refu kuliko la baba. Kule makaburini nilianguka wakati wa kutupa udongo, wakasema ni uchungu wa shangazi, wakanipepea. Nilirudi Kigoma mjini kwa gari la kukodi nimelala kiti cha nyuma, ndiyo maana sikupita kwako.

Nilikuambia nataka damu yako ili nikusafishe jina. Nilikudanganya nusu. Nilikuwa natafuta kitu mwilini mwako cha kunisaidia mimi. Nilijiambia, baba mdogo anacho, na kama ni wa damu moja na baba, huenda na mimi ninacho. Nilipoona huna, nililia, na sikulia kwa ajili yako.

Nitaandika barua uhamiaji, nitakuja kusimama nawe, nitaapa kwamba babu alikulea kama mwanawe. Lakini nina ombi moja na siwezi kulala bila kulisema. Mama ni mzee. Sikuolewa, na sasa siolewi. Baba alikufa mikononi mwako, na Shangazi angekufa mikononi mwako kama si mimi. Siku nitakaposhindwa kuinuka, utakuja? Niambie ndiyo tu, hata kama si kweli.

Winfrida

*

Kidahwe,
2 Machi 2025

Kwako Winfrida,

Marahaba. Mwandiko wako nimeuona. Andikia penseli, inashika karatasi vizuri zaidi kuliko kalamu ya wino, na uandike asubuhi kabla hujachoka.

Asante kwa kumpokea Wema. Mwambie blanketi ninalo. Kama hataki kuniandikia, asiandike, ila asimalize hasira yote kwangu, abakize kidogo kwa wale wanaume watatu.

Habari za Recho nilishazipata kutoka kwa Sista. Nilizisikia yule mwenyeji wangu akiwapo, nikamwomba anisamehe nikaingia ndani. Yule mtoto nilimbeba mgongoni siku bibi yako alipotoka naye uzazini, kabla hajashika shingo. Nimekuwa nikiamka alfajiri kumchemshia uji kwa miaka minne, na hata hapa bado naamka saa hiyo, nakaa kitandani sina cha kufanya. Maji, amelala! Mungu awasamehe, mimi bado.

Barua ya uhamiaji andika. Sitaikataa. Lakini usiape kwamba babu yako alinilea kama mwanawe. Hilo neno "kama" umelileta wewe. Katika nyumba ile halikuwahi kutamkwa.

Umeniuliza jina langu la kwanza, la kabla ya Gasper, katika kile kikaratasi cha maswali ulichomtumia Sista ajaze. Ninalikumbuka. Sitakuandikia. Ulivyokwisha kuvichukua kwangu vinakutosha.

Sasa ombi lako. Nilikushika siku uliyozaliwa, na baba yako alikuwa ameenda Ujiji kuuza mawese, mimi ndiye niliyekupeleka kubatizwa. Ungeshindwa kuinuka mwaka jana, kabla ya vipimo, ningepanda basi siku hiyo hiyo bila kuuliza nauli inatoka wapi. Ningekuosha, ningekulisha, ningekufokea ukikataa kula, na hakuna mtu duniani angeniambia asante, kwa sababu hakuna anayeshukuriwa kwa kumuuguza mwanawe. Wala wewe usingeandika barua kuomba. Ungeanguka tu, ukajua nakuja.

Leo umeniomba, na mimi nimekaa na barua yako mwezi mzima nafikiri. Hiyo ndiyo tofauti uliyoipima, mama. Sijapata jibu.

Gasper